Agosti Ile Baba Alipofunga Upepo

1

Enzi zile, ikifika saa sita kamili mchana, Mwiyanje nzima ilinyamaza. Wauza kuku waliacha kubishana, mashine za kukamua alizeti zilizimwa, na hata fundi cherehani wa kona ya sokoni, ambaye mkewe aliapa hajawahi kumwona amefunga mdomo, aliinua mguu kwenye pedali akatega sikio. Ilikuwa saa ya Mzee Idrisa Ntandu kusoma mwelekeo wa hali ya hewa. Mzee Idrisa alikuwa amekufa miaka tisa nyuma, na nusu ya waliomsikiliza walibeba jeneza lake, lakini kifo hakikumchelewesha kazini hata siku moja.

"Huu ni mwelekeo wa siku kumi kwa uwanda wa Mwiyanje," sauti ilisema kwenye vipaza sauti vya kila mtaa, ile sauti yake ya taratibu, yenye kikohozi kidogo mwanzoni kama mtu anayebisha hodi. "Hali ya ukavu inatarajiwa kuendelea. Upepo wa mashariki utakuwa wa wastani, kilometa thelathini na tano kwa saa, na mara chache utafika arobaini na tano. Hakuna angalizo. Mapazia yabaki juu. Funikeni maji, mlale salama."

Maneno hayo ya mwisho hayakuwa ya kitaalamu. Aliyasema kwenye redio tangu ujana wake, kwa sababu upepo wa kiangazi wa Singida hauachi mtungi wazi bila kuutia vumbi. Makao makuu walimwandikia barua mara mbili wakimtaka aache. Barua alizijibu kwa adabu, na maneno akaendelea kuyasema.

Kwenye baraza ya kituo, mjane wake, Bi Mwantumu, alikaa juu ya kigoda kama alivyokaa kila mchana kwa miaka minane, amejitanda kanga safi, amejipaka wanja. Hakuwahi kuusemesha ule mtambo hata neno moja. "Mimi siongei na mashine," aliwaambia waliomuuliza. "Nakuja kumsikia mume wangu. Akimaliza naenda zangu." Kwa mtu asiyeongea na mashine, alijipaka wanja mwingi.

Mtambo wenyewe uliitwa mrithi. Baada ya Miaka ya Vumbi, pepo na mvua zilipoacha desturi zake na kompyuta kubwa za utabiri zikaanza kukosea, wataalamu walirudi kwa watu waliokuwa wakiamka alfajiri kusoma vipimo. Wengi walishatangulia mbele ya haki. Yalibaki madaftari yao, na kanda za sauti zao wakituma taarifa kwa redio. Kutokana na hayo ukafinyangwa mtambo ulioifikiria anga ya mahali kama alivyoifikiria mwenye daftari. Kila kituo kilipata mrithi wake, na sheria ikasema mrithi akipingana na mtambo wa kanda, mmoja wa zile kompyuta kubwa, mrithi ndiye asikilizwe. Mzee Idrisa alikuwa ameandika upepo wa Mwiyanje kwa miaka thelathini na moja, kila baada ya saa tatu. Nani angebishana naye?

Aliyemtunza mrithi huyo alikuwa Sikitu, binti pekee wa Mzee Idrisa, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mnene na mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye bawaba. Alipewa jina la bibi yake mzaa baba. Kazini aliuita mtambo Baba, na hakuna aliyemshangaa.

Mchana ule Bi Mwantumu alipoinuka kwenye kigoda, wanawake wawili waliokuwa wakipita walimsalimia, naye akawaonyesha binti yake kwa kidevu. "Huyu mnayemwona, baba yake alimfungia upepo ili alale."

"Mama, wameshaisikia."

"Wataisikia tena."

Ilikuwa hadithi ya kila Idi, pilau ikiwa bado mezani. Sikitu alikuwa kichanga, upepo unapiga makelele, baba akapanda mlingoti na kipande cha kanga ya mama, akaufunga. Upepo ukanyamaza, mtoto akalala. Watoto wengine walitamba kwamba baba zao wamewanunulia baiskeli, Sikitu akatamba kwamba wake alimfungia upepo. Alipokua alielewa kwamba kilichofungwa ni vile vikombe vitatu vya kipimaupepo, vilivyokuwa vikilia vikizunguka. Akacheka, akaipenda hadithi zaidi, na hakuifikiria tena. Hadithi uliyoinyonya pamoja na maziwa huiulizi maswali.

2

Mhandisi Kitundu, msimamizi wa mapazia, alifika alasiri ile ile na karatasi mkononi.

"Shikamoo, dada Sikitu."

"Marahaba. Una sura ya mtu aliyekosa chai."

"Chai nimekunywa. Kilichonikosesha raha ni hiki hapa."

Ilikuwa taarifa ya mtambo wa kanda. Tahadhari kubwa kwa Kanda ya Kati yote: ukavu uliokithiri na upepo mkali, kilometa tisini kwa saa na zaidi, kuanzia siku ya nne.

Dirishani mapazia yalionekana yote, arobaini kwa hesabu, upande wa mashariki wa mji. Kila moja lilikuwa na urefu wa mita tisini kwenda juu, limefumwa kwa uzi uliolowekwa chumvi ya kunyonya unyevu wa usiku, hata hewa ikiwa kavu ya kukwaruza koo. Jua likichomoza chumvi huachia, na maji hutiririka hadi kwenye matangi. Mji mzima ulikunywa hapo. Sheria ilikataza nyumba karibu na milingoti, lakini matone ya kwanza ya asubuhi huanguka bure, na binadamu na cha bure ni chanda na pete. Nyumba zaidi ya mia tatu zilikuwa zimejibanza chini ya milingoti, pamoja na majiko yake na mabanda ya kuku.

"Pazia linahimili upepo wa sitini," Kitundu alisema. "Ukizidi hapo halichaniki, maana lingechanika ningeshukuru. Linang'oa mlingoti."

"Basi yashushe."

"Nikiyashusha, chumvi inaharibika. Kuyaloweka upya na kuyapandisha ni siku kumi na tisa, na matangi yana maji ya siku kumi na moja. Hizo nane nitawaambia watu wanywe nini? Halafu sheria hainiruhusu. Mzee amesema arobaini na tano. Miaka minane hajakosea." Alikunja karatasi, akaikunjua. "Nimekuja nimsikie mwenyewe."

Sikitu alifungua sauti ya chumbani. Mrithi alikohoa kidogo.

"Mhandisi, karibu. Mwaka huu una pacha wake," alisema. "Joto la bahari, mgandamizo wa hewa, hata wiki ambayo jua lilianza kuchomoza jekundu, yote yalikuwa hivi hivi Agosti mwaka 2034. Mtambo wa kanda unaona upepo mkubwa unakuja, na ni kweli unakuja. Ila mwaka ule ulipofika hapa uligonga mawe ya mlimani ukapungua nguvu. Niliupima kila saa tatu. Haukuzidi arobaini na tano."

Kitundu alishusha mabega. "Basi nimeshukuru, Mzee," alisema, na akaondoka akiwa mwepesi kuliko alivyoingia.

Sikitu alibaki ameshika kitasa cha mlango. Yeye alizaliwa Juni mwaka 2034, na Agosti yake alikuwa kichanga wa miezi miwili.

3

Madaftari ya karatasi yalikuwa stoo, ndani ya sanduku la bati, yakinuka vumbi na ile sabuni ya mche aliyoogea baba yake. Au labda harufu ya sabuni aliileta Sikitu mwenyewe. Alikaa sakafuni akafungua mwaka 2034, na mwandiko ukamlaki, herufi zimelala kidogo kulia. Aliona tena kibanda cheupe cha vipimajoto na kaptura ya kaki, na kidole cha baba kikimwelekeza asogeze macho sawasawa na zebaki. Usiiombe namba iwe nzuri, alikuwa akimwambia. Iandike ilivyo.

Ndivyo alivyoandika. Juni ilikuwa na 17, 23, 31. Julai ilikuwa na 29, 37, 43. Waangalizi wa hewa wanalijua hili: upepo uliopimwa huja na namba mbaya, upepo uliokisiwa huja na sifuri na tano. Sikitu alifunua Agosti. Tarehe nane: 40, 45, 40. Tarehe tisa: 45, 40, 40. Ikaendelea hivyo hadi tarehe kumi na nane, siku kumi na moja, usomaji themanini na nane, na kila namba iliishia na sifuri au tano. Pembeni, kwenye safu ya maelezo ambayo wengine huandika radi au ukungu, kila siku palikuwa na maneno mawili. Mtoto kalala.

Katikati ya kurasa palikuwa na nakala ya barua kwenda makao makuu. Naomba grisi ya kipimaupepo, kopo moja. Hii ni barua yangu ya nne.

Sikitu alivua miwani. Baba alipika takwimu. Kwa siku kumi na moja katika miaka thelathini na moja, aliandika upepo ambao hakuupima, na siku zenyewe ndizo ambazo mrithi alizitegemea sasa kwa roho za watu.

Sheria ya daftari safi aliijua kwa moyo, kwa kuwa ndiye aliyeibandika ukutani. Daftari likithibitika kupikwa hata siku moja, mrithi wake huzimwa moja kwa moja. Hakuna namna ya kumtoa kipande kibaya na kumwacha mzima, kama usivyoweza kutoa chumvi iliyokwisha kuyeyuka kwenye mboga. Na ushahidi wa kusikia haukubaliki. Lazima athibitishe mtu aliyekuwepo akaona kwa macho, akiwa mtu mzima.

Aliyekuwepo na bado yu hai alikuwa mmoja tu.

4

Bi Mwantumu alikuwa uani akipeta uwele, ameupa upepo mgongo ili makapi yasimrudie.

"Mama," Sikitu alisema, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Ule mwaka Baba alipofunga upepo. Upepo wenyewe ulikuwaje?"

Uso wa mama ulichangamka. "We! Usiombe. Uling'oa paa la zahanati na mbao zake, mabati tukaja kuyaokota ng'ambo ya ziwa. Kuku wa Mama Mpaki waliruka siku ile bila wao kutaka. Nilimwona mmoja anapita juu ya choo, anashangaa mwenyewe."

"Mawe ya mlimani hayakuupunguza?"

"Mawe? Yalitaka kuhama mawe yenyewe." Alicheka, akarusha uwele hewani, akaudaka. Kisha ungo ukasimama. "Kwa nini unauliza?"

Sikitu alimweleza yote bila kuzunguka, mwaka pacha, namba zinazoishia sifuri, nyumba mia tatu, karatasi ya ushahidi. Alipomaliza, mama yake aliuweka ungo chini kwa uangalifu kama vile umejaa mayai.

"Hapana," alisema.

"Mama."

"Nimesema hapana. Usinifanye mjane mara mbili, Sikitu. Mara ya kwanza iliniingia mpaka kwenye mifupa, na kama si ile saa sita ningekuwa nimelala pale pembeni yake." Alifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu. "Na baba yako hakuwa mwongo. Ni mimi niliyemwambia apande. Ulizaliwa miezi saba, kilo moja na robo. Daktari alisema ukishtuka unaacha kunyonya. Na kile kidude kilikuwa hapo nyuma, juu kuliko paa letu, kinalia kama chuma kinachochinjwa, usiku na mchana. Ulikuwa unapungua. Grisi aliiomba mpaka wino ukamwishia. Nikamwambia, Baba Sikitu, chagua moja, daftari au mtoto."

"Akapanda."

"Akapanda analia. Aliposhuka alikuwa amekauka macho. Na wala hatukuliongea tena kama jambo baya. Tukalifanya hadithi."

Upepo ulikusanya makapi ya uwele ukayapeleka ukutani. Sikitu alisema, "Kuna watoto wachanga chini ya ile milingoti."

"Wazazi wao walikatazwa kujenga pale. Mimi nilikatazwa nini?"

Sikitu aliinuka kwenye ndoo. Mama yake aliokota ungo. "Niache nimalize uwele wangu."

Njia nzima ya kurudi kituoni Sikitu alijilaumu kwa kitu kimoja ambacho hakumwambia mtu. Mama aliposema hapana, alifurahi. Alimkumbuka baba yake mpaka mbavu zikamuuma, na kesho saa sita alitaka kumsikia akikohoa kama kawaida, na keshokutwa, na siku zote.

5

Siku ya pili, saa tano na nusu, Sikitu alifunga mlango wa chumba cha mrithi. Dirisha aliliacha wazi kwa ajili ya joto. Hakujua atasema nini, ila aliona ni utovu wa adabu kumjadili mtu bila mwenyewe kujua.

"Baba. Agosti nane hadi kumi na nane, mwaka 2034. Upepo uliupima kwa kifaa gani?"

"Kwa kipimaupepo cha vikombe vitatu, mlingoti wa mita kumi."

"Vikombe vilikuwa vimefungwa kwa kipande cha kanga, ili mtoto aliyekuwa akipungua alale. Naona ulikisia kwa kutazama miti, halafu ukaandika upepo mdogo ili makao makuu wasije kuuliza."

"Hilo halimo kwenye daftari," mrithi alisema.

"Halimo."

"Namba za siku hizo zinaishia na sifuri na tano. Nililiona, nikalichukua kuwa bahati. Na kwenye maelezo niliandika mara kumi na moja kwamba mtoto kalala. Sikuwahi kuelewa kwa nini mtu aandike hivyo kwenye kitabu cha upepo." Alikohoa. "Sasa naelewa. Ila tarehe kumi na tisa kwenye maelezo sikuandika kitu, na sina kitabu kingine. Je, aliongezeka uzito?"

Sikitu alifungua mdomo ajibu.

"Aliongezeka," mtu alisema dirishani. "Ana kilo themanini na moja, na nusu yake ni chapati."

Bi Mwantumu alikuwa amesimama barazani na kigoda chake mkononi. Katika miaka minane hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumsemesha.

"Nani anazungumza?" mrithi aliuliza. "Sauti hiyo sina."

Bi Mwantumu aliingia ndani, akautazama mtambo, kisanduku cha kijivu chenye taa moja ya kijani, kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa shati la mumewe. "Miaka arobaini na minne kitanda kimoja," alimwambia binti yake polepole. "Hanijui."

"Ni mke wa Idrisa," Sikitu alisema. "Mama Sikitu."

"Huyo yumo," mrithi alijibu mara moja. "Mara moja tu. Juni tisa mwaka 2034, saa tatu asubuhi. Upepo wa mashariki, kilometa kumi na saba. Mawingu hakuna. Maelezo: Mama na mtoto wazima."

Bi Mwantumu alianza kwa kucheka. Kisha akakaa kwenye kigoda chake katikati ya chumba, na wanja aliojipaka asubuhi ukateremka hadi kidevuni, wala hakuufuta. "Kumi na saba," alisema. "Siku ile alipima." Alifungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa kipande cha kitambaa chekundu kilichopauka, chenye mistari ya kutu, akakiweka mezani. Miaka hamsini na mbili alikuwa amekitunza kama wengine wanavyotunza cheti cha ndoa. "Leta hiyo karatasi yako, niweke dole gumba kabla sijaghairi."

Aliweka dole gumba. Ilikuwa saa sita kasoro dakika sita, na kisheria mrithi alipaswa kuzimwa hapo hapo, kabla hajatoa neno jingine. Sikitu alitazama saa ya ukutani.

"Mtandao wetu unasuasua," alisema. "Hii karatasi haitafika kabla ya saa sita na robo."

"Unasuasua sana," mama yake aliitikia.

Saa sita kamili Mwiyanje ilinyamaza. Fundi cherehani aliinua mguu kwenye pedali. Mzee Idrisa alikohoa.

"Huu ni mwelekeo wa siku kumi kwa uwanda wa Mwiyanje. Tahadhari kubwa. Hali ya ukavu itaendelea. Upepo mkali wa mashariki, unaozidi kilometa tisini kwa saa, unatarajiwa kuanzia siku ya tatu kutoka leo. Mapazia yashushwe. Walio chini ya milingoti wahame, na moto usiwashwe nje." Alikohoa tena. "Agosti mwaka 2034 kituo hiki kiliandika upepo ambao hakikuupima. Aliyeandika ni mimi. Mtambo wa kanda msiulaumu, nilaumuni mimi, na mnisamehe. Funikeni maji, mlale salama."

Kwa muda hakuna mashine ya alizeti iliyowashwa. Saa sita na dakika kumi na tano Sikitu aligeuza ufunguo, na mama yake akakaa akiitazama ile taa ya kijani mpaka ilipofifia yote. Kisha alibeba kigoda chake akaenda nyumbani, na kwa siku tatu hakumwambia binti yake neno zaidi ya chakula kipo.

6

Mapazia yalishuka moja baada ya jingine, na upande wa mashariki wa Mwiyanje ukabaki uchi kama meno yasiyo na midomo. Watu walihama kutoka chini ya milingoti wakitukana. Maji yakaanza kutolewa kwa zamu, ndoo mbili kwa nyumba, na mtu mmoja alikuja kuipindua ndoo yake tupu barazani pa kituo ili Sikitu aone. Wengine walisema huyu mwanamke amemzika baba yake mara mbili, na baba hakukosea hata mara moja. Saa sita mchana vipaza sauti vilisoma mwelekeo wa mtambo wa kanda kwa sauti laini isiyo na kikohozi, isiyokumbusha mtu kufunika kitu. Fundi cherehani aliendelea kushona.

Siku iliyosemwa, asubuhi ilipambazuka shwari. Sikitu alisimama uani akiombea kitu asichothubutu kukitaja, maana ukiombea upepo unaombea balaa, na ukiombea utulivu unaomba uwe umeua sauti ya baba yako bure. Saa nne vumbi lilisimama upande wa mashariki kama ukuta wa nyumba. Saa tano halikuwa mbali tena. Mawe ya mlimani hayakupunguza kitu.

Kile kipimaupepo cha zamani kilikuwa bado juu ya mlingoti wake wa mita kumi, nyuma ya nyumba yao, na tangu mrithi azimwe Sikitu alikuwa amekirudisha kazini. Kopo zima la grisi lilikuwepo, naye alikipaka mwenyewe, lakini chuma kizee kikitaka kulia hulia. Kililia mji wote ukasikia. Saa nane milingoti miwili ya mapazia, ikiwa mitupu bila hata uzi, iling'oka na kuanguka juu ya nyumba tisa. Ndani hamkuwa na mtu. Walikufa kuku kumi na wawili, na jogoo mmoja aliyekuwa amekataa kuhama.

Saa tisa alasiri Sikitu aliingia ndani, kichwa kimejaa mchanga, akafungua daftari jipya la karatasi juu ya meza ya jikoni. Bi Mwantumu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Kelele za mlingotini zilikuwa zinapita ndani ya bati, ndani ya meno.

"Ngapi?" mama aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

"Tisini na saba."

Bi Mwantumu alitikisa kichwa polepole. "Namba mbaya."

"Mbaya sana."

"Iandike ilivyo." Aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda kwenye kona, akachukua sinia na kufunika ndoo yao ya mwisho ya maji. Kisha alirudi akasimama nyuma ya bega la binti yake, akaweka mkono pale shingoni, mahali ambapo mtoto hushikwa akibebwa.

Sikitu aliandika tarehe, saa, mashariki, 97, mawingu hakuna. Ilibaki safu ya maelezo, ambayo siku hizi hakuna mwangalizi anayeijaza. Aliilaza kalamu kidogo kulia, kama alivyofundishwa, akaandika: Mama na mtoto wazima.